Ngitili ni Ghala la Kijiji, Tusilivunje

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa mbele ya viongozi wa vijiji, wakulima na wafugaji wa Usukuma, juu ya utunzaji wa ardhi, malisho na misitu wakati huu ambapo majira ya mvua yanabadilika.



Nimeombwa nizungumze juu ya kilimo na utunzaji wa mali ya asili katika hali ya hewa inayobadilika. Jambo hili ni pana, na mtu akijaribu kulimaliza kwa siku moja atasema mengi na hakuna litakaloshikwa. Kwa hiyo nitazungumza juu ya jambo moja tu, ambalo liko hapa hapa Usukumani, na ambalo wataalamu wa nchi nyingi wamekuja kulitazama. Jambo hilo ni ngitili.

Wenyeji wa hapa hawahitaji kuelezwa ngitili ni nini, lakini kwa ajili ya ndugu zetu waliotoka mikoa mingine nitaeleza kwa kifupi. Ngitili ni eneo la malisho ambalo mwenye nalo, awe mtu mmoja, ukoo au kijiji kizima, hulifunga mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii. Majani huota, hukomaa, na hukaukia pale pale yalipoota. Na miti hupata nafasi ya kuchipua. Ifikapo Julai au Agosti, malisho ya kawaida yakiwa yamekwisha, ngitili hufunguliwa kidogo kidogo, wakianza wale wenye shida kubwa zaidi: ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, wanyama dhaifu na maksai wa kulimia, ambao wasipopata nguvu kiangazi hawataweza kuvuta plau mvua zikinyesha. Hiyo ndiyo ngitili. Ni ghala, ila badala ya kuwekwa mtama ndani yake, huwekwa majani.

Ninalotaka kusema leo ni kwamba ghala hili lilijengwa na wazee, likabomoka, likajengwa upya kwa jasho la wananchi, na sasa liko katika hatari ya kubomoka mara ya pili. Safari hii likibomoka, mvua haitatupa nafasi ya kulijenga tena kwa urahisi.

Jinsi ardhi ilivyoharibika

Ardhi ya Shinyanga haikuzaliwa tupu. Mwanzoni mwa karne iliyopita sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa miombo na vichaka vya migunga. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliendesha kampeni za kufyeka misitu ili kumfukuza mbung'o, mdudu anayeeneza ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Shinyanga ikawa kituo cha utafiti wa mbung'o chini ya Mwingereza Charles Swynnerton. Mbung'o alirudi nyuma, na hilo lilikuwa jambo jema kwa mfugaji. Lakini mti uliofyekwa haukupewa nafasi ya kurudi. Baadaye pamba ilihitaji mashamba, ng'ombe waliongezeka, na kila nyumba ilihitaji kuni kila siku.

Mwaka 1947 ukaanza mpango wa kikoloni wa kuendeleza Usukuma. Kwa maneno shabaha zake zilikuwa nzuri: kuhifadhi udongo, kutumia samadi, kupunguza mifugo. Lakini mpango ulikuja kwa amri, kila amri na adhabu yake, na mwananchi hakuulizwa. Watu waliuchukia, na amri hizo ziliachwa hata kabla ya Uhuru. Huko Uluguru, mwezi Julai 1955, amri ya kuchimba matuta ya ngazi milimani ilizusha ghasia. Si kwamba Mluguru hakujua thamani ya udongo, wala si kwamba Msukuma hakujua thamani ya malisho. Walichokataa ni kufanywa vibarua katika ardhi yao wenyewe.

Tuseme kweli pia juu ya miaka yetu wenyewe. Kati ya mwaka 1974 na 1976 wananchi wengi walihamia katika vijiji vya pamoja. Vijiji vilisogeza shule, zahanati na maji karibu na watu. Lakini familia nyingi ziliachana na ngitili zao za zamani. Mwenye ngitili akawa anakaa mbali nayo na hawezi kuilinda. Na malisho yaliyokuwa karibu na kijiji kipya yakawa ya kila mtu, maana yake hayakuwa na mwenyewe. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mkoa huu ulikuwa ukiitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana rasmi katika mkoa mzima hazikuzidi hekta 600 hivi.

Dawa ilitoka nyumbani

Mwaka huo huo wa 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi wetu tunaujua kwa jina la HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni nguvu nyingi ziliwekwa katika bustani za miche. Miche ilioteshwa, ikagawiwa, ikapandwa. Na mingi ilikufa kwa ukame, kwa mchwa na kwa meno ya mbuzi. Ndipo wataalamu walipoanza kuwauliza wazee, na wazee wakawaonyesha ngitili. Chini ya ardhi iliyoonekana kufa kulikuwa na visiki na mizizi iliyo hai. Mizizi hiyo haikuhitaji bustani wala lori la maji. Ilihitaji kuachwa ipumzike.

Mradi ulipofungwa mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800 vya Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao ulijumuisha pia sehemu kubwa ya eneo ambalo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Simiyu. Kutoka hekta 600 hadi hekta 300,000! Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hebu tujiulize: ni nani aliyezilinda hekta hizo zote? Mradi haukuwa na askari wa kutosha hata tarafa moja. Zililindwa na wananchi wenyewe kwa vyombo wanavyoviamini. Dagashida, yaani baraza la jadi, lilikaa na kuweka mipaka. Serikali za vijiji ziliandika sheria ndogo. Sungusungu walikamata waliovunja. Mkosaji alitozwa mchenya, ile faini ya kimila, mbele ya jirani zake. Na aibu ya kutozwa mbele ya jirani ni kali kuliko fedha yenyewe.

Linganisheni na Kondoa. Huko mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973. Na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwa amri katika eneo la kilometa za mraba 1,256 lililokuwa limeliwa na makorongo. Majani yalirudi na makorongo yakaanza kupona, na hilo hakuna wa kulikanusha. Lakini mzigo wa uponyaji huo ulimwangukia mfugaji aliyetakiwa kuondoka na ng'ombe wake, na ilibidi baadaye ufugaji wa zizini uruhusiwe ili watu wapate tena maziwa na samadi. Kondoa inatufundisha kwamba ardhi ikipumzishwa hupona. Shinyanga inatufundisha la zaidi: kwamba wenye ardhi wanaweza kuipumzisha wenyewe, bila kuihama.

Hesabu ya mvua na majani

Ndugu zangu, sasa tufanye hesabu, kwa sababu mambo ya ardhi yakizungumzwa bila hesabu hugeuka kuwa mahubiri.

Mvua ya milimita moja ikianguka katika mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hekta moja ina mita za mraba 10,000. Kwa hiyo mvua moja kubwa ya milimita 50 humwaga lita 500,000 katika hekta moja. Ardhi ikiwa tupu, matone hupigapiga udongo hadi ukafunga uso wake kama sakafu, na maji mengi hukimbilia mtoni pamoja na udongo wenyewe. Ardhi ikiwa na majani, tone huvunjwa nguvu kabla ya kufika chini, mizizi hufungua njia, na maji huingia. Mvua ni ile ile iliyotoka katika wingu moja. Kwa mwenye majani imekuwa akiba. Kwa asiye na majani imekuwa mwizi.

Sasa ng'ombe. Ng'ombe wetu wa asili mwenye uzito wa kilo 250 huhitaji kiasi cha kilo 6 za majani makavu kwa siku. Katika siku 100 za kiangazi kikali anahitaji kilo 600. Mwenye ng'ombe 10 anahitaji tani 6. Tuseme hekta moja ya ngitili imetoa tani 2 za majani, na nusu tukaiacha ili ardhi isibaki uchi. Mtu huyo anahitaji hekta 6 kumvusha. Kila kijiji kinaweza kufanya hesabu hii kwa mifugo yake na ardhi yake. Kikiifanya, mabishano ya kila mwaka kwamba ng'ombe ni wengi au si wengi yatapata msingi. Mfugaji hapunguzi mifugo kwa kutukanwa. Hupunguza anapoona mwenyewe, mwezi wa nne, kwamba majani aliyonayo hayatafika mwezi wa kumi, akauza mapema ng'ombe akiwa na mwili na bei, badala ya kuuza ngozi mwezi wa kumi na moja.

Majira yamebadilika

Yako maneno yanayosema kwamba ukame ulikuwapo tangu zamani, na kwamba habari hizi za hali ya hewa ni za wasomi. Ni kweli ukame ulikuwapo. Ngitili yenyewe ni ushahidi kwamba wazee waliujua. Lakini hali ya sasa ina jambo jipya. Wastani wa joto la dunia katika miaka ya 2011 hadi 2020 ulizidi ule wa miaka ya 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.1 za sentigredi. Hewa iliyopata joto hunyonya maji zaidi kutoka katika udongo na majani. Na kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Ndiyo sababu kiangazi hukausha kwa ukali zaidi, na mvua inapokuja huweza kuja kwa kishindo.

Tumeyaona haya kwa macho yetu. Katika ukame wa mwaka 2021 na 2022, wafugaji wa Simanjiro na Longido walipoteza mifugo kwa maelfu. Haukupita muda mrefu, Desemba 2023, mvua kubwa zikateremsha tope na mawe kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mkoa ni ule ule wa Manyara kwa Simanjiro na Hanang: ukame, kisha gharika. Katika nyakati kama hizi, shamba au malisho yaliyopangwa kwa kutegemea mvua ya wastani hayana usalama, maana huo wastani wenyewe hauonekani tena mara kwa mara.

Tukumbuke pia kwamba si sisi tuliowasha moto huu. Bara zima la Afrika hutoa kiasi cha asilimia 4 hivi ya hewa ya ukaa itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mataifa yaliyotajirika kwa viwanda yana deni, na mwaka 2022, huko Sharm el-Sheikh nchini Misri, yalikubali uanzishwe mfuko wa kufidia hasara na uharibifu. Ni haki yetu kudai, na tuendelee kudai. Lakini udongo unaokwenda mtoni mwezi huu hautasubiri mkutano wa kimataifa. Anayedai deni na huku nyumba yake inavuja, hupanda juu akaziba paa kwanza.

Hatari tatu

Ghala letu sasa linatobolewa katika sehemu tatu.

Ya kwanza ni kugawana. Idadi ya watu imeongezeka na vijana wanahitaji mashamba. Ngitili ya kijiji humegwa eka mbili leo, eka tatu kesho, mara nyingine kwa uamuzi wa watu wachache. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iko wazi: Halmashauri ya Kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ardhi ya malisho ikigawiwa chini ya mti na watu watano, hiyo si mila wala si sheria.

Ya pili ni mkaa. Tanuri la udongo tunalolitumia hula kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Mti uliochukua miaka 15 kuchipua kutoka kwenye kisiki huisha kwa wiki moja, na anayefaidi zaidi si mchoma mkaa bali ni mwenye lori. Mchoma mkaa mwenyewe ni jirani yetu, na aghalabu ni maskini. Kumfukuza bila kumwonyesha riziki nyingine ni kumhamishia katika ngitili ya kijiji cha pili.

Ya tatu ni ubaguzi, na hii ndiyo ninayoiogopa zaidi. Ngitili nyingi ni za watu binafsi. Mwenye nguvu huweza kufunga eneo kubwa, akauza majani kwa jirani wakati wa dhiki, huku mama asiye na ng'ombe wala ngitili akizuiwa hata kuokota kuni kavu, kuchuma mboga za majani au kuchimba dawa. Hifadhi ya namna hiyo huweza kuota majani mazuri sana, lakini haitadumu. Mtu asiyefaidi chochote katika msitu hana sababu ya kuamka usiku kuuzima unapowaka.

Tufanye nini?

Kwanza, kila kijiji kipime ngitili zake, za watu binafsi na za pamoja, na mipaka iandikwe katika mpango wa matumizi bora ya ardhi. Mti wa mpaka hukatwa, na mzee aliyeujua mpaka hufariki. Maandishi yaliyosomwa mbele ya mkutano hubaki. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Haki hiyo ipo, tuitumie.

Pili, tarehe ya kufunga na ya kufungua itangazwe na Mkutano Mkuu, na kila mwaka isomwe hesabu ya faini: nani ametozwa, kiasi gani, na fedha imefanya kazi gani. Faini ambayo haijulikani ilikokwenda huua sheria kuliko mkosaji mwenyewe.

Tatu, kila kijiji kitenge ngitili ya pamoja kwa ajili ya wasio na ngitili, na wanawake wawe na sauti kamili katika kamati yake, kwa kuwa wao ndio wanaotembea mwendo mrefu kutafuta kuni na maji.

Nne, ngitili isiachwe peke yake. Malisho hayatapona ikiwa shamba linazidi kuchoka na kudai ardhi mpya kila mwaka. Samadi irudi shambani badala ya kurundikana zizini. Matuta yafungwe ili maji yasikimbie. Majaruba ya mpunga yatunzwe mbugani, na katika ardhi ya juu mtama na uwele vipewe heshima yake, maana huvumilia kiu kuliko mahindi. Ndugu zetu wa Kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, walifunga ng'ombe zizini na kulisha ardhi yao kwa samadi kwa vizazi vingi, kwa sababu kisiwa hakiongezeki. Sasa na sisi tujue kwamba Usukuma hauongezeki.

Tano, tuwe macho na mikataba. Tangu kanuni za biashara ya kaboni zilipotolewa mwaka 2022, vijiji vyenye miti vinaweza kupata wanunuzi wa hewa inayohifadhiwa na miti hiyo. Inaweza kuwa fedha halali na yenye manufaa. Lakini mkataba wa miaka mingi usiwekwe sahihi kabla haujasomwa wote, kwa Kiswahili, mbele ya Mkutano Mkuu, na kila mwananchi akajua mambo matatu: kijiji kitapata nini, kitakatazwa nini, na nani atalipa ukame ukiua miti.

Ndugu Mwenyekiti, wapo watakaosema kwamba haya yanahitaji fedha nyingi. Hekta zile 300,000 hazikununuliwa. Msaada wa nje ulikuwapo na ulisaidia, lakini kazi ya kufunga ng'ombe wasiingie ilifanywa na mchungaji mwenye fimbo, ambaye aliona majani mazuri mbele yake, akageuza kundi, kwa sababu kijiji chake kilikuwa kimekubaliana hivyo. Makubaliano hayo ndiyo mali yetu ya asili iliyo kubwa kuliko zote. Yakivunjika, hakuna mche utakaoziba pengo lake.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Mwaka huu, kabla ya mvua za kwanza kuanguka, kila kijiji kilichowakilishwa hapa kiitishe mkutano wake, kihesabu ng'ombe wake, kipime ngitili zake, na kifunge kile kinachopaswa kufungwa. Tusingoje hadi Septemba tuanze kuulizana majani yamekwenda wapi.